Shule ya dayosisi isiyopata ruzuku: nimpeleke binti yangu?

Baba Salma, Kasese
Assalaam aleikum, na amani kwenu nyote. Binti yangu amemaliza darasa la saba, na shule ya bweni inayotufaa kwa ukaribu ni ya dayosisi ya Kanisa la Uganda (Kianglikana), ya wavulana na wasichana, isiyopokea ruzuku ya serikali. Kwa nini karo yake inaizidi sana ile ya shule nyingine ya Kanisa hilohilo iliyoko wilayani? Aidha, sisi ni Waislamu. Je, mtoto atalazimishwa ibada?

Mwalimu, Mbarara
Baba Salma, nyingi kati ya shule kongwe za Kianglikana, kama vile King's College Budo iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906, leo hulipiwa mishahara ya walimu na serikali, huku Kanisa likibaki mwanzilishi mwenye kauli katika bodi. Shule yako haina msaada huo, kwa hiyo mshahara wa mwalimu, posho (ugali) na maharagwe, kuni na umeme vyote hutoka katika karo. Wazazi wakichelewa kulipa, mshahara nao huchelewa, na mwalimu wa fizikia huondoka katikati ya muhula. Ndiyo maana ningeuliza kwanza walimu wa sayansi wamekaa hapo kwa muda gani, kisha kama shule ina namba yake ya kituo cha mtihani cha UNEB, yaani baraza la taifa la mitihani, kwa sababu shule isiyo nayo hupeleka watahiniwa wake kufanyia mtihani kwingine. Omba pia orodha ya mahitaji kabla ya kulipa chochote: rimu za karatasi, mifagio, jembe, karatasi za chooni na godoro huongeza gharama kuliko wengi wanavyodhani.

Mama Neema, Fort Portal
Mimi ningeanzia bwenini, Mwalimu aniwie radhi. Kwa shule ya mchanganyiko, nenda jioni wakati wa masomo ya usiku, uone kama njia ya kutoka darasani hadi bweni la wasichana ina taa, na kama matroni hulala humo humo au nyumbani kwake. Mkuu wa shule akisita kukuonyesha, mimi nisingemwachia mtoto wangu.

Hamisi, Arua
Kuhusu ibada, Baba Salma, nilisoma katika shule ya namna hiyo nikiwa Mwislamu. Kanisani tuliingia Jumapili pamoja na wenzetu, lakini mkuu wa shule alituruhusu kwenda msikitini Ijumaa na kufunga Ramadhani, na jikoni walituwekea daku. Huo ulikuwa uamuzi wake, na mkuu mwingine angeweza kuukataa. Katika mtaala ulioanza mwaka 2020, elimu ya dini ni ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, ama ya Kikristo ama ya Kiislamu; muulize mkuu kama ana mwalimu wa Kiislamu, kwani asipokuwepo binti atakaa katika kipindi cha Kikristo. Makubaliano yenu yaandikwe kwenye barua ya kumpokea, yatiwe sahihi na mhuri wa shule.

Baba Salma, Kasese
Nawashukuru sana. Nitakwenda jioni pamoja na mama yake, na suala la Ijumaa nitaomba liandikwe kabla sijalipa karo.