Msaada: nimezima mota, grafu bado inatikisika

FundiKoboa:
Wakuu habari za jioni. Kichwa kimegoma, naomba msaada.

Nina karakana ndogo, kazi yetu kubwa ni mota za mashine za kusaga na kukoboa. Nimechoka kubahatisha beringi kwa kuweka bisibisi sikioni, nikaamua kutengeneza kipimo cha mtikisiko. Kihisio ni MPU6050 kimefungwa kwenye kifuniko cha mota. Kompyuta ndogo ya ESP32 inasoma mihimili mitatu mara 1,000 kwa sekunde na kutuma kwa kebo ya USB, baudi 115200, kila sampuli (usomaji mmoja) mstari wake. Kwenye laptopu nimeandika programu kwa Python, dirisha ni PyQt5, grafu ni matplotlib. Usomaji upo kwenye QThread yake, yaani uzi wa pembeni unaofanya kazi sambamba na dirisha. Sampuli ikifika inarusha signali, dirisha linaipokea, linaiongeza kwenye safu ya namba kwa np.append, kisha linachora upya. Naonyesha pointi 5,000 za mwisho.

Jana nimewasha mota sekunde kumi tu, nikazima. Mota imesimama, mkanda hausogei, ila grafu inaendelea kutikisika kwa kushtukashtuka. Nimekunywa chai nikamaliza, bado inacheza! Nimepima uchoraji mmoja, unakula milisekunde 80 hivi.

La pili, nikichambua masafa napata kilele kwenye 38 Hz. Mota ni ya 1,450 rpm (mizunguko kwa dakika), sina kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo. Hilo nitaliuliza siku nyingine. Nawasilisha.

Mzee_wa_Spea:
Nunua laptopu yenye maana. Na Python si ya kazi hizo, hamia C++.

kebo_nyekundu:
Mkuu FundiKoboa, usinunue kitu. Hesabu yako mwenyewe inakushtaki: sampuli 1,000 kila sekunde, na kila moja unaichorea grafu nzima kwa milisekunde 80. Kwa sekunde moja unaweza kuchora mara 12 tu. Zile nyingine 988 zinaenda wapi? Zinapanga foleni ndani ya Qt inayoendesha dirisha lako, hakuna anayezifukuza. Unachokiona wakati unakunywa chai ni foleni hiyo inahudumiwa mmoja mmoja, kama dirisha la benki mwisho wa mwezi. Hata ukiandika kwa C++, foleni ni foleni.

Tenganisha kupokea na kuchora. Uzi wa kusoma usirushe signali kabisa, kazi yake iwe kumwaga data kwenye bafa ya mzunguko: safu ya numpy ya pointi 5,000 uliyoitenga mara moja, na kielekezi kinachorudi mwanzo kikifika mwisho. Achana na np.append, kila ukiiita inanakili safu nzima upya. Kisha weka QTimer ya milisekunde 33 upande wa dirisha. Ikigonga, inachukua kilichopo, inachora mara moja, basi. Hiyo ni kama michoro 30 kwa sekunde, jicho halidai zaidi. Ila usiguse grafu ukiwa ndani ya uzi wa kusoma, programu itaanguka siku usiyoijua.

Na milisekunde 80 ni ndefu kuliko 33, kwa hiyo acha matplotlib, hamia pyqtgraph, maktaba ya grafu yenye kasi zaidi. Laini tatu unaziunda mara moja mwanzoni, baada ya hapo ni kuzibadilishia data kwa setData tu. Unene wa kalamu uache 1. Ukiweka 2 ipendeze, kasi inashuka vibaya.

FundiKoboa:
Shukrani sana kiongozi, nimeelewa. Ila kitu kimoja: kwa hesabu yako sekunde kumi ni sampuli 10,000, mara milisekunde 80 ni sekunde 800, zaidi ya dakika 13. Jana nilitazama saa ya ukutani, grafu ilitulia kwenye dakika ya nane na nusu. Au 80 nimeipima vibaya?

Binti_Saketi:
Hukupima vibaya kaka. Dakika nane na nusu ni sekunde 510. Gawa kwa 0.08, unapata sampuli 6,400 hivi. Kwa sekunde kumi, ni 640 kila sekunde. Hizo 360 nyingine hazikufika kabisa.

Tubandikie mistari miwili mitatu jinsi ESP32 inavyoituma.

FundiKoboa:
Iko hivi dada:
-1024,16384,-233
-1019,16290,-241

Binti_Saketi:
Basi huyo hapo mwizi. Mstari huo una herufi 16, na mwisho wake kuna baiti mbili za kufunga mstari, jumla 18. Baudi 115200 ni biti kwa sekunde, na kila baiti inabebwa na biti 10, ya kuanzia na ya kumalizia zikiwemo. Kebo yako inapitisha baiti 11,520 kwa sekunde. Gawa kwa 18: ni 640 kamili. Bafa ya ESP32 ikijaa, print inasubiri, na kitanzi chako chote kinasubiri nayo.

Sasa ile 38 Hz uliyotaka kuiuliza siku nyingine. Programu yako inaamini ni sampuli 1,000 kwa sekunde, kumbe ni 640. 1,450 rpm gawa kwa 60 ni 24.2 Hz. Zidisha kwa 1,000, gawa kwa 640. Inakuja 37.8.

kebo_nyekundu:
Aisee. Mimi nimeangalia grafu tu, waya sikuuwaza kabisa.

Binti_Saketi:
Achana na maandishi, tuma baiti mbichi: mbili za alama ya mwanzo, moja ya namba ya mfuatano, sita za mihimili mitatu. Baiti tisa, yaani 9,000 kwa sekunde, zinapita hata kwenye kebo ya sasa. Baudi pia ipandishe hadi 921600 upumue. Ile namba ya mfuatano usiiruke kwa uvivu, ikitoka 41 kwenda 43 unajua kuna sampuli imepotea.

Jambo jingine. Ukitaka kuona dakika nzima kwenye skrini ya pikseli 1,366, usichukue pointi moja kila baada ya 40. Kugonga kwa beringi ni mwiba wa papo hapo, utauruka. Kwenye pyqtgraph washa setDownsampling kwa modi ya peak. Hiyo inabakiza thamani ya juu na ya chini ya kila kipande, mwiba unabaki. Wastani nao utaulainisha hadi upotee.

Mzee_wa_Spea:
Kwa hiyo laptopu hanunui?

FundiKoboa:
Mrejesho wakuu. Nimekesha nayo. Laptopu ni ileile, mzee. Nikigonga kifuniko cha mota kwa kidole, laini inaruka hapohapo. Kilele kimehamia 24.2 Hz. Namba za mfuatano zimekwenda dakika ishirini bila kuruka.

Ila sasa limejitokeza jipya, kilele kidogo cha 9 Hz ambacho zamani sikukiona. Kesho nafungua kava nipime puli na urefu wa mkanda, nitaleta vipimo hapahapa.