Nyumba ya kanisa, posho ya kupanga au posho ya kununua: ipi inamfaa mchungaji Marekani?

Mzee_wa_Baraza
Bwana asifiwe. Kanisa linaajiri mchungaji wa kudumu, anakuja na mke na watoto wawili. Bajeti ni dola 54,000 kwa mwaka, nyumba ikiwa humo humo. Mezani kuna njia tatu. Ya kwanza: akae nyumba ya kanisa, ambayo sokoni ingepangishwa dola 1,500 kwa mwezi, apewe na 36,000 taslimu. Ya pili: mshahara 30,000 na posho ya nyumba 24,000, apange mwenyewe. Ya tatu: mgawo huo huo, ila anunue. Ipi ina nafuu ya kodi?

Hesabu_Safi
Mzee wangu, tenganisha kodi mbili kwanza, maana hapo ndipo mabaraza mengi hujikwaa. Kwa kodi ya mapato, mchungaji ni mwajiriwa wa kanisa na anapewa W-2, fomu ya mshahara wa mwaka. Kwa Social Security (pensheni ya taifa) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni) anahesabiwa amejiajiri, hata kama ni mwajiriwa mchana kweupe. Kifungu cha 107 cha sheria ya kodi kinaiondoa nyumba kwenye kodi ya mapato peke yake. Kodi ya kujiajiri, yaani hiyo ya Social Security na Medicare, 15.3%, inatozwa kwenye mshahara na nyumba kwa pamoja.

54,000 mara 0.9235 (sehemu inayotozwa), kisha mara 15.3%, ni kama dola 7,630. Njia ya kwanza ni 36,000 na thamani ya pango 18,000, jumla 54,000. Ya pili na ya tatu pia 54,000. Kwa hiyo kodi hii ni ile ile popote utakapomweka.

Sasa kodi ya mapato, kwa viwango vya 2025. Wanandoa wanaojaza pamoja wanaondolewa 31,500 kwenye kipato, na nusu ya kodi ya kujiajiri (3,815) nayo inatolewa. Zote 54,000 zikiwa mshahara mtupu, angelipa kama dola 1,870. Kwenye nyumba ya kanisa, kama dola 69. Kwenye posho, akiitumia yote kwa nyumba, sifuri. Hapo sijagusa nafuu ya watoto. Msitumie mikutano mitatu kubishania dola 69; swali lenu ni nani abaki na nyumba mwisho wa utumishi.

Mpangaji_wa_Iowa
Kwa hiyo akipewa posho ya 24,000, zote zinasamehewa?

Dada_Mhazini
Hapana. Kinachosamehewa ni kiasi kidogo kuliko vyote kati ya hivi vitatu: kilichotengwa na kanisa, alichotumia kweli kwa nyumba, na thamani ya pango ya nyumba hiyo ikiwa na samani, pamoja na gharama za umeme, maji na gesi. Tuseme kalipa pango 1,450 kwa mwezi (17,400), umeme na maji 3,000, bima ya mpangaji 200, samani 1,000. Jumla 21,600. Ile 2,400 iliyobaki inarudi kwenye ritani yake ya kodi ya mwaka, Fomu 1040 mstari wa 1h, kama mapato. Si kosa, ni utaratibu. Kosa ni kukaa kimya.

Chakula hakiingii. Mshahara wa msaidizi wa nyumbani hauingii. Nyumba ya pili haiingii; mahakama ya rufani ilimaliza ubishi huo mwaka 2012 katika kesi ya Driscoll. Risiti atunze mwenyewe, kanisa halihitaji kuzikagua.

Jenga_Kwako
Natetea njia ya tatu. Anayenunua anaingiza malipo ya awali, marejesho ya mkopo, riba, kodi ya ardhi, bima na ukarabati, mradi asivuke vile vipimo vitatu. Na riba na kodi ya ardhi anaruhusiwa kuzitoa tena kwenye Schedule A (orodha ya matumizi yanayopunguza kipato kinachotozwa), ingawa zililipwa kwa posho isiyotozwa kodi. Mpangaji hana hiyo, wala wa nyumba ya kanisa.

Hesabu_Safi
Kweli kisheria, ila kwa kipato hiki ni nadra. Riba, kodi ya ardhi na sadaka zake zikijumlishwa lazima zipite ile 31,500 anayoondolewa bila orodha ndipo aone faida. Halafu angalia mwisho wa mkopo: nyumba ikishalipwa yote, hawezi kudai thamani ya pango, anadai gharama halisi tu. Posho ya 24,000 inaweza kushuka hadi 8,000 zinazosamehewa. Na mwaka wa malipo ya awali makubwa, kipimo cha thamani ya pango ndicho humkata.

Hatari ya njia ya kwanza ni nyingine: anastaafu baada ya miaka 25 bila hata tofali. Mkimweka nyumba ya kanisa, mwekeeni kitu kwenye mfuko wa uzeeni wa 403(b). Akishastaafu, kanisa au dhehebu linaloendesha mfuko linaweza kutenga malipo yake kuwa posho ya nyumba, na hayo hayatozwi kodi ya kujiajiri. Fedha za IRA, akaunti ya uzeeni ya mtu binafsi, hazipati nafasi hiyo.

Kijana_wa_Goma
Na Fomu 4361? Wengine wanasema ukijaza hiyo, 15.3% inaondoka yote.

Dada_Mhazini
Ndugu, hiyo si njia ya kubana matumizi. Anayeisaini anatangaza kuwa kwa dhamiri au misingi ya dini anapinga bima ya umma kwa kazi yake ya uchungaji. Mwisho wa kuiwasilisha ni siku ya ritani ya mwaka wa pili aliopata angalau dola 400 za kujiajiri zenye mapato ya uchungaji ndani yake, na ikikubaliwa hairudishwi. Mapato ya uchungaji hayatamjengea tena pensheni, bima ya ulemavu wala Medicare.

Mzee_wa_Baraza
Tumeelemea njia ya pili. Azimio liandikwe vipi?

Dada_Mhazini
Lipitishwe na kuingia kwenye muhtasari wa kikao kabla ya malipo ya kwanza. Halirudi nyuma hata siku moja. Mkilibadilisha Juni, linashika kuanzia hapo mbele. Maneno yatosha hivi: "Imeazimiwa kwamba katika malipo ya mchungaji ya dola 54,000, dola 24,000 ni posho ya nyumba, na azimio hili litaendelea miaka ifuatayo hadi baraza litakapolibadilisha." Hiyo sehemu ya mwisho inawaokoa mkisahau kikao cha Desemba.

Kwenye W-2, kisanduku cha 1 ni 30,000; posho inaweza kuonyeshwa cha 14; visanduku 3 hadi 6 viachwe wazi. Programu nyingi za mishahara humkata zenyewe 7.65% ya Social Security na Medicare kama mwajiriwa wa kawaida, kwa hiyo mwambieni anayeziendesha azime makato hayo. Kodi yake mchungaji alipe kwa 1040-ES (fomu ya malipo ya awamu), Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15, au aombe kwenye W-4 (fomu ya makato ya mshahara) mumkate kama dola 636 kila mwezi.

Hesabu_Safi
Nyongeza mbili. Kwenye EITC, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, posho ya nyumba huhesabiwa kama kipato cha kazi, msiiache nje. Na akija kwa viza ya R-1 (ya watumishi wa dini), hesabuni siku zake: kabla ya kuwa mkaazi kwa kodi, kwa kawaida hadaiwi kodi ya kujiajiri.