Tupeane uzoefu: muvi za madude chotara zilizokuvunja moyo

Bundi wa Usiku
Wakuu, salaam. Jana nimeirudia Sharktopus ya 2010, ile ya nusu papa nusu pweza aliyoitayarisha Roger Corman, donda la zamani likatoneshwa. Haya madude nayapenda tangu utotoni. Grafiki mbovu nasamehe, bajeti ndogo naielewa. Kinachoniuma ni dude kupanda nchi kavu, kutambaa kwa mikono ya pweza na kuua watu, halafu hakuna mhusika hata mmoja anayeuliza linapumua vipi. Papa anapumua kwa matamvua. Pweza naye matamvua. Sasa mtoto mapafu kayarithi kwa nani? Sentensi moja tu ya mwanasayansi ingetosha! Leteni zenu.

Kalamu Nyekundu
Naunga mkono hoja. Na kivuli! Dude kubwa kama nyumba, jua la mchana, kivuli hamna.

Mzee wa Kanda
Pweza hutoka majini, kijana. Hutambaa mwambani akitafuta windo, kisha hurudi. Tusiwalaumu watu kabla ya kuwajua viumbe.

Bundi wa Usiku
Shikamoo mzee. Anatoka kwa muda mfupi, nakubali. Huyu wa kwenye muvi anakimbiza watu kama mbwa.

Mzee wa Kanda
Marahaba. Hapo sina la kusema.

Fundi Sifongo
Nilisema sitaandika, ila mlipotaja kupumua mmenigusa. Miaka ya nyuma tulikuwa vijana sita, tunatengeneza filamu fupi kwa hela zetu wenyewe. Dude letu lilikuwa mamba mwenye mabawa ya popo, na mimi ndiye niliyelishona: godoro kuukuu la sifongo, gundi, rangi juu, mabawa ya waya na kitambaa cha mwavuli. Nchi kavu lilikuwa jepesi, rafiki yangu akilivaa anarukaruka. Hakuna aliyewaza kulilowesha kwanza.

Siku ya tukio la mtoni maji yalimfika kiunoni. Akachuchumaa ili dude lichomoze taratibu kama tulivyopanga. Pua ikachomoza, ikarudi chini. Mwongozaji akapaza sauti, "Safi sana, hivyohivyo!" Mabawa yakaanza kupigapiga maji, tukashangilia, tukaona leo anaigiza kuliko siku zote. Kilichonishtua mimi ni rangi. Kijani cha mgongoni kilikuwa kinachuruzika, maana yake maji yameshaingia hadi ndani ya sifongo, na sifongo likishiba maji watu wawili hawalinyanyui. Nikaruka. Zipu ilikuwa mgongoni, nimeifunika kwa magamba ili kamera isiione. Nikawa naipapasa zipu niliyoificha kwa mikono yangu, siipati. Mwenzetu mmoja akaja na kisu cha kukatia kamba, akapasua shingo la dude. Rafiki yangu alitoka anatapika maji, midomo imepauka. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini hadi leo nikiona dude la mpira linaibuka majini, meno siyaangalii kabisa. Naangalia aliye ndani kama ana pa kupitishia pumzi.

Kalamu Nyekundu
Dah! Pole sana kaka. Nimesoma nimesimama.

Mzee wa Kanda
Pole mwanangu. Mavazi haya yana historia ya kutesa watu. Haruo Nakajima, aliyevaa vazi la Godzilla, lile jitu la filamu ya Kijapani, mwaka 1954, alibeba mzigo mzito ndani ya joto kali, na watazamaji wakaona jitu tu, mtu hawakumwona.

Taa Moja
Ushauri kwa wanaotaka kujaribu: tumieni sifongo gumu la malapa, halinyonyi maji.

Rubani
Hilo linaelea! Utataka dude lizame, utamfunga mtu mawe, umuue vizuri zaidi. Fanyeni kwa kompyuta, huko hazami mtu.

Kalamu Nyekundu
Kompyuta hiyohiyo ndiyo imetuletea madude yasiyo na kivuli. Maji hayatikisiki, mchanga hauachi alama, mtu anang'atwa na hewa.

Rubani
Tatizo ni haraka, kompyuta haina kosa. Mpe fundi muda uone.

Taa Moja
Basi msilionyeshe kabisa. Kwenye Jaws ya 1975 papa wa mitambo alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha, na ule uficho ndio uliotutisha.

Bundi wa Usiku
Hapana mkuu, hapo tunatofautiana. Papa tunamjua wote, ukimficha akili yangu inamchora. Nusu papa nusu pweza sijawahi kumwona popote, nimekuja kuangalia pale mwili mmoja unapoungana na mwingine. Ukinionyesha pezi tu, umenipa papa wa kawaida.

Rubani
Hapo umesema kweli. Na wengi wanaungia gizani, usiku na mvua, usione mshono.

Kalamu Nyekundu
Fundi, ile filamu yenu iliisha?

Fundi Sifongo
Iliisha. Lile tukio la mtoni halimo. Mwongozaji alilitaka, akasema hatutapata tena kitu cha kweli namna ile, mimi na aliyevaa tukakataa. Vazi tulilitia viraka, likaonekana nchi kavu tu, mwanzo hadi mwisho. Siku ya kuionyesha watu walituuliza huyu ni mamba gani asiyeingia majini. Tuliangaliana, hatukuwajibu.