Naombeni ushauri: kupasua magogo ya mwembe kwa msumeno wa mkanda

Wadau habarini, mie niko Kisauni hapa Mombasa, nina karakana ndogo nyuma ya nyumba na msumeno wa mkanda wa inchi 14. Jirani kakata mwembe wake kanipa magogo bure, mafupi ya futi 2 hivi, nataka kuyapasua mbao za inchi moja nitengeneze stuli. Sasa nikisukuma gogo mkanda unavutwa pembeni, mbao yatoka huku nene kule nyembamba. Mkanda wenyewe una meno 6 kwa inchi, fundi mmoja aniambia nitafute wa meno 3 maana gogo bichi lina unga mwingi na mabonde ya meno yakijaa mkanda hupata joto na kupinda, mwengine asema ni kukaza tu basi. Nimfuate yupi?

Halafu gogo la duara lataka kubingirika mezani, hapo ndo naogopea vidole jamani, nafikiria kulifunga skrubu kwenye ubao ulionyooka lisicheze, kuna aliyejaribu?

Ncha nishapaka rangi zisipasuke. Ila mwembe na unyevu huu wetu wa pwani huingia madoa upesi, mbao nizipange na vijiti katikati pale kivulini penye upepo ama niweke ndani? Na mikanda ya meno 3 hapa mjini yapatikana wapi?