Kuanza makabidhiano ya zamu na jambo jema: kunasaidia au ni danganya toto?

SistaWaLeba
Wadau, habari za kazi. Mimi ni mkunga, nasimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Makabidhiano yetu ya asubuhi ni balaa tupu: glavu zimeisha, dripu ya kitanda cha tatu haikuandikwa, fulani kachelewa tena. Mwezi uliopita mama mmoja tuliyempa rufaa usiku akiwa na kifafa cha mimba alikuja kututafuta, mtoto mgongoni. Hakukaa sana. Lakini zamu nzima ilichangamka! Partografu, zile chati za kufuatilia uchungu, zikajazwa bila mimi kufuatilia, na yule binti wa ajira mpya, ambaye ndugu wa mgonjwa wakimuuliza kitu huwafokea, siku hiyo aliwasindikiza hadi maabara.

Sasa nataka kila asubuhi tuanze na jambo moja lililokwenda vizuri. Wenzangu wanadai nawapoza ili wasiulizie posho ya usiku. Kuna aliyejaribu?

Afisa_Utumishi
Sista, hujaota. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya shajara za kazini karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7. Siku za moyo mkunjufu zilikuwa hasa zile ambazo mtu aliona kazi yake imesogea, hata kidogo. Ila kurudishwa nyuma kuliwaumiza kuliko hatua ya mbele ilivyowafurahisha, kwa hiyo tafuta glavu kwanza.

Kuhusu shukrani: mwaka 2010 watafiti Adam Grant na Francesca Gino walieleza habari za wachangishaji wa chuo kikuu kimoja Marekani, wanaopiga simu kuomba michango. Mkurugenzi alikwenda kuwashukuru ana kwa ana, na wiki iliyofuata simu walizopiga zikaongezeka kwa zaidi ya nusu. Lakini hiyo ni wiki moja, usiipigie hesabu ya mwaka.

MuuguziMstaafu
Mwanangu, msianze kusifiana kwa zamu. Kwetu mfanyakazi bora wa Mei Mosi alijulikana tangu Februari, tukampigia makofi huku tunaangalia saa. Yule mama hakuja kuwasifia, aliwaletea jibu. Mnampandisha mtu gari la wagonjwa, mlango unafungwa, basi, hamsikii tena habari zake. Mteue mmoja apige simu hospitali ya mkoa kuwaulizia wa rufaa, majibu yasomwe asubuhi. Na wahudumu wa usafi wawepo, maana damu ile waliifuta wao. Posho idaini kwa barua, kivyake, na wewe uwe wa kwanza kutia saini.

SistaWaLeba
Shikamoo mama. Hilo la simu sikuliwaza kabisa. Na jibu likiwa baya?

MuuguziMstaafu
Marahaba. Lilete vilevile, ila kabla hujalisoma mbele ya wote, mvute pembeni aliyempokea mama huyo, umwambie yeye kwanza.