Naomba ushauri: kuhifadhi Land Rover 109 Series III mvua nzima, Ujiji

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni la petroli, litakaa bandani Ujiji kuanzia Novemba hadi Aprili. Banda lina bati juu, sakafu ni udongo, upande wa ziwani uko wazi.

Yaliyokwisha fanyika: betri imetolewa, tangi limejazwa hadi shingoni ili unyevu usipate nafasi ndani, petroli ya kwenye kabureta imemwagwa (ikikauka humo huziba jeti). Ekseli ziko juu ya magogo manne. Hendibreki haikuvutwa, maana viatu hugandana na ngoma. Mdomo wa ekzosi umezibwa kwa pamba ya chuma, panya wasiingie.

Nakwama kwenye chesisi. Bodi ni alumini, haina shida sana, ila chesisi ni boksi la chuma na huoza kutokea ndani. Wengi hupaka oili chafu, lakini inalainisha bushi za mpira. Nipulizie nini kupitia matundu yake, na kiasi gani? Na sakafu: nailoni nzito chini inatosha, au nimwage kokoto kwanza? Turubai la plastiki sitaki, linatoa jasho.

Wizi: rota ya distribyuta iko mfukoni (bila hiyo injini haiwaki), mnyororo umepita kwenye chesisi hadi nguzo ya zege. Lakini boneti ya hizi hufunguliwa kwa nje, na wezi wa huku wanataka kabureta na altaneta, gari lenyewe hawana haja nalo. Aliyewahi kuchomelea kikombe cha kufuli pale mbele bila kuharibu grili, alikiweka wapi?