Ukungu katika nyumba ya mawe: tuzibe kwa saruji?

Kutoka: mwanachama, Edinburgh

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tumenunua fleti katika jengo la zamani la mawe, na ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu mweusi. Fundi anashauri viungo vyote vya nje, yaani nafasi kati ya jiwe na jiwe, vijazwe saruji ili maji yasipenye. Je, yupo aliyewahi kufanya hivyo?

Kutoka: mwanachama, Glasgow

Waalaykum salaam, dada yangu. Nakuomba sana usimruhusu aanze, kwa sababu sisi tulifanya hivyo miaka sita iliyopita na hadi leo tunalipia. Mwanzoni ukuta ulipendeza. Baada ya majira mawili ya baridi, uso wa mawe ulianza kubanduka kama maganda ya kitunguu, na ukipitisha kiganja mchanga unamwagika, ilhali mistari ya saruji imebaki mizima, imetokeza nje.

Mawe ya mchanga yaliyojengea miji yetu hii miwili katika karne ya 19 hunywa mvua na kuitoa tena, na njia yake nyepesi ya kutokea ni viungo vya chokaa, ambavyo ni laini kuliko jiwe lenyewe. Saruji ikiifunga njia hiyo, maji hubaki nyuma ya uso wa jiwe, na yakiganda hutanuka na kuusukuma. Kiungo kikichakaa hukwanguliwa kikajazwa upya, lakini jiwe likishaliwa limekwenda. Inaniuma zaidi kwa kuwa nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, ambako kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na nimeona kwa macho yangu lipu ya saruji ikivimba na kudondoka kwa unyevu na chumvi.

Kwanza, hakikisheni maji yanatoka wapi. Ukungu mweusi mara nyingi ni mvuke wa ndani, wa kupika na kuanika nguo chumbani, au ni mfereji wa paa ulioziba. Ikiwa viungo kweli vimekwisha, tafuteni mwashi aliyezoea chokaa, naye awaonyeshe ukuta alioujaza miaka kadhaa nyuma. Kwenye mfuko wa chokaa mtaona herufi NHL, kifupi cha Kiingereza cha chokaa ya asili inayoshika hata penye maji, na namba 2, 3.5 au 5. Namba ikipanda, ugumu nao hupanda, na kwa jiwe laini lililochakaa ile 5 mara nyingi huwa ngumu mno. Kazi isifanywe wakati wa baridi, kwani chokaa mbichi ikipigwa na barafu huvunjikavunjika, na hata kiangazi ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka.

Kuhusu gharama, msizibebe peke yenu. Sheria ya mwaka 2004 ya majengo ya ghorofa ya Scotland inaruhusu wamiliki walio wengi kuamua matengenezo ya kuta za nje, na wote wakachangia, isipokuwa hati zenu ziwe na utaratibu wake.

Kutoka: mwanachama, Edinburgh

Ahsante sana, kaka. Jana jirani wa ghorofa ya juu alitufungulia dirisha la paa, tukaukuta mfereji umejaa majani na nyasi zimeota, sawasawa juu ya chumba cha watoto. Fundi wa saruji nimemwambia asije.